Barabara ya Bugarama Bila Mzigo

Mpira unapoungua polepole, bila moto, hutoa harufu inayokaa kooni zaidi ya puani. Wiki iliyopita nilikutana nayo kwenye njia panda iliyo karibu na kwetu, Mutanga Nord, mtaa wa mjini hapa Burundi. Tangu mafuta yaanze kuadimika mjini, watu waliokuwa wakipita wamefunga vioo vya magari sasa wanapita juu ya baiskeli, wamevaa tai, suruali wameikunja mguu mmoja. Mmoja wao alikuwa akiteremka kwa kasi, breki zikamkatalia, akashusha kiatu chake cha ngozi na kukikandamiza kwenye gurudumu la mbele. Alisimama karibu kabisa na mtaro. Watoto wa shule wakamshangilia. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta wa nyumba ya watu, nimeipa barabara mgongo.

Rika langu tuna mazoea ya kuzungumzia utoto kana kwamba ulikuwa nyumba nzuri tuliyofukuzwa. Tukikaa na vinywaji, kila mmoja hutoa lake: matunda ya kuiba, kuogelea ziwani, nyimbo za shule. Mimi husikiliza na kujiuliza ni nani kati yetu anayesema kweli. Nimesoma kiasi cha kujua kwamba kumbukumbu ni nguo inayoshonwa upya kila inapovaliwa. Basi sitaapa kwa yote nitakayoyasema hapa. Naapa kwa hili tu: baba yangu alikufa kwenye barabara ya Bugarama, mchana kweupe, juu ya baiskeli isiyokuwa yake, bila mzigo wowote nyuma. Mengine yote nimeyahoji tangu nikiwa na miaka kumi, na baadhi bado hayajanijibu.

Kazi ya baba ilikuwa ndizi. Asubuhi na mapema alitoka na baiskeli tupu hadi pale barabara inapoanza kupanda, akangoja pamoja na wenzake. Lori lililosheheni lilipopita likiunguruma kwa shida, walilidandia: mkono mmoja umeshika chuma cha nyuma, mwingine umeshika usukani, miguu imetulia. Lori liliwavuta hivyo hadi juu kwenye baridi na ukungu, nao wakameza moshi wake njia nzima. Kule Bugarama walifunga mikungu ya ndizi kwenye keria na ubavuni mpaka baiskeli ikawa haionekani, kisha wakajiachia kuja chini, kona baada ya kona, wakiyapita hata magari. Baiskeli zile hazikuwa na breki. Breki ilikuwa mguu. Kila mmoja alivaa katambuga nene zilizokatwa kwenye tairi la gari, na penye kona aliinua mguu na kusukuma soli kwenye gurudumu la mbele, mpira juu ya mpira, moshi ukitoka. Baba alirudi nyumbani na harufu hiyo kwenye suruali na kwenye nywele. Nilidhani ndiyo harufu ya wanaume wote, na kwamba mwalimu wetu, ambaye hakunuka hivyo, alikuwa na kasoro fulani.

Tuliishi kwenye chumba cha uani cha nyumba kubwa ambayo mwenyewe alikuwa Ulaya. Mama aliilinda na kufagia ua, na siku nyingine alikwenda Kajaga, kando ya ziwa, kununua ndagala wabichi, ndio dagaa wa kwetu, akawaanika juu ya wavu nyuma ya nyumba na kuwauza. Mama alitoka Uvira, ng'ambo ya mpaka. Alivuka akiwa msichana, wakati wa vita ya kwao, na sufuria kichwani. Hakujua Kifaransa hata cha kuombea maji. Baba alikuwa mtu wa milimani, mwenye Kirundi chake na Kiswahili cha mjini. Aliyekuwa shuleni ni mimi, na Kifaransa nilikipenda kama watoto wengine wanavyopenda viatu vipya. Nilitafuta mtu wa kumsemesha.

Mtu huyo akaja. Baba alimkuta upande wa Kibenga, alikokuwa amepeleka ndizi: mzungu mwenye ndevu nyekundu, ameketi kando ya barabara karibu na baiskeli yake, anatetemeka huku jua likiwaka. Malaria. Baba alimpeleka dispansari, akamngoja, kisha kwa kuwa mtu yule alionyesha kwa mikono kwamba anachotaka ni mahali pa kusimamisha hema, akamleta kwenye ua wetu. Walifika jioni, kila mmoja akisukuma baiskeli yake.

Nilichokiona kwanza ni sufuria. Ilikuwa ndogo, nyeusi kwa moshi, imefungwa nyuma ya kiti. Juu yake palikuwa na mkeka uliokunjwa, na kila upande wa magurudumu mifuko iliyovimba nguo.

"Mama," nilinong'ona, "uyu ni mukimbizi."

"Muzungu, mukimbizi? We, mutoto, usinichekeshe."

"Angalia sufuria."

Mama akaiangalia. Katika maisha yetu hapakuwa na mtu aliyewahi kupita na sufuria juu ya baiskeli kwa sababu nyingine. Anayekwenda kazini habebi sufuria, wala anayekwenda kusali. Sufuria hubebwa na mtu asiyejua kesho atapikia wapi. Mama alikwenda kusonga bugali bila kuuliza zaidi, na aliongeza unga.

Jina lake lilikuwa Deklani. Kifaransa chake kilikuwa kibovu kuliko changu, jambo lililonifurahisha mno. Homa ilipomwacha, akawa anakaa mbele ya hema lake, baba na mama mbele ya mlango wetu, na mimi katikati juu ya kidumu kilichopinduliwa. Sijawahi kuwa muhimu kama siku zile. Baba aliniita redio yake. Mama hakuniamini sana.

"Mbona yeye anasema maneno mingi, we unaleta kidogo?" aliuliza. "Ingine umekula?"

"Ni Kifaransa, Mama. Kinakuwa kirefu."

"Mm. Muulize anatoka wapi."

Nikauliza. "Anasema Irlande. Ni kisiwa."

"Kwao kuna vita?"

Deklani alicheka, kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka. Akajibu kwa uangalifu.

"Anasema apana. Sasa apana."

"Sasa," mama alisema, akamgeukia baba. "Umesikia? Sasa."

Ili tuelewe zaidi, Deklani alitoa simu yake akatuonyesha picha. Kabla ya kuja upande wetu alikuwa amezunguka nchi yake yote kwa baiskeli, likizo baada ya likizo, na njia zake zote alikuwa nazo mle ndani. Zilikuwa barabara nyembamba za mashambani, gari moja lisingepishana na punda, majani yameota katikati ya lami. Kuta za mawe pande zote mbili zilipanda kilima na kushuka upande wa pili bila mwisho. Kondoo walikuwa wamepakwa rangi mgongoni. Mvua ilinyesha katika picha moja, na katika iliyofuata, na katika iliyofuata tena. Na nyumba za mawe, nyingi, hazina paa, hazina milango, mti umeota mahali palipokuwa jiko. Katika picha zote hizo hapakuwa na mtu hata mmoja.

Mtoto wa Burundi hahitaji kufundishwa maana ya nyumba isiyo na paa.

"Wenyewe walikwenda wapi?" baba aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

Deklani alieleza. Viazi vilioza shambani, watu wakafa njaa, waliobaki wakapanda meli. Zamani, alisema. Nilitafsiri yote, pamoja na hiyo zamani, lakini zamani kwangu ilikuwa tu kabla sijazaliwa. Vita ya mama pia ilikuwa ya zamani, na bado mlango ukigongwa kwa nguvu yeye alisimama kabla ya kujua kwamba amesimama. Kwa hiyo nilizitazama ndevu zile nyekundu na nikaelewa kila kitu. Mojawapo ya nyumba zile ilikuwa yake. Alikuwa amezunguka magofu ya kwao kwa baiskeli akitafuta ndugu zake, hakuwapata, akaendelea kuwatafuta hadi kwetu. Nilimtaja katika sala zangu. Nilimwekea kiporo cha maharagwe kwenye kifuniko, nikakiacha mbele ya hema kama anavyowekewa mgonjwa.

Leo najua kwamba watu wa kule hupita kando ya nyumba zile wakiwa likizo. Wanateremka, wanapiga picha, wanakula mkate wao wakiegemea ukuta, wanaendelea. Je, nilikosea? Njaa ile ilikuwa ya kweli. Picha nazo zilikuwa nzuri, hata mimi niliona. Sijaamua mpaka leo ni nani kati yetu aliyekuwa haoni kilicho mbele yake.

Mama alichukua upande wangu, kwamba huyu ni mtu aliyepoteza kwao. Baba hakuwa na habari na njaa.

"Muulize," aliniambia, "kwenye hizo barabara yeye anabeba nini?"

"Habebi kitu, Baba. Nguo zake tu."

"Anapeleka wapi?"

Deklani alichora hewani kwa kidole. Kuna vibao vidogo njiani, alisema, vyenye picha ya baiskeli. Unavifuata siku nzima, mlima na bonde, kando ya ziwa, katikati ya mashamba ya watu, na jioni vinakurudisha pale ulipoanzia. Niliitafsiri habari hiyo polepole, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuiamini.

"Yampaye inka!" Baba alishangaa kwa Kirundi, akipiga paja. "Unatoka hapa, unazunguka, unarudi hapahapa? Na huna hata mukungu mumoja? Muulize ni nani amemutuma!"

"Anasema hakuna aliyemtuma."

Kesho yake Fideli alikuja kumwona mtu huyo. Fideli alikuwa mwenzake wa barabarani. Kwa miaka mingi walikuwa wamedandia lori moja na kuteremka wakifuatana. Baba alimsimulia habari ya vibao, na Fideli akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi.

"Salvatori sha," alimwambia baba akijifuta macho, "uyu muzungu ni mbuzi ya kamba. Inazunguka muti, inazunguka muti, jioni inasema imesafiri."

Deklani aliponiuliza wanacheka nini, nilimtafsiria na mbuzi pia. Akacheka kuliko wote. Hiyo ndiyo picha ninayoichukia kuliko zote nilizobaki nazo, wale wanaume watatu wakicheka pamoja uani, kwa sababu hakuna kitu ndani yake kinachoonyesha kinachokuja.

Fideli alipoondoka, baba hakucheka tena. Siku zilizofuata maswali yake yalibadilika. Muulize kama kwenye mulima wanashika kamyo. Deklani aliposikia jinsi baba anavyopanda Bugarama, akishikilia lori kwa mkono mmoja, alijishika kichwa. Muulize kama mutu anaweza kusimama katikati ya mteremko, bila sababu. Muulize, akisimama, anafanya nini.

"Anaangalia tu," nilitafsiri.

"Anaangalia nini?"

"Milima. Anasema anaangalia milima."

Baba alikuwa akikata ukucha wa kidole gumba kwa kisu. Aliacha. Alikaa vile na kisu mkononi, ameinua uso kuelekea milimani.

Siku moja Deklani alimwachia baiskeli yake aizungushe uani. Ilikuwa nyepesi, baba aliinyanyua kwa mkono mmoja na kumwonyesha mama kana kwamba ni kuku. Alipopanda, Deklani alimwonyesha breki, vyuma viwili chini ya vidole. Baba alibonyeza, gurudumu likasimama palepale, naye nusura aruke juu ya usukani. Akabonyeza tena, taratibu. Akazunguka tangi la maji, akaenda hadi kwenye geti na kurudi, akibonyeza na kuachia, akibonyeza na kuachia. "Vidole tu!" alinipigia kelele. "Aline, ona, vidole tu!" Alikuwa ametoa ulimi kama sisi tulivyofanya tukijifunza kuandika.

Deklani alipopata nguvu alisema ataendelea na safari kuelekea kaskazini, kupitia Bugarama. Baba akasema atamsindikiza hadi juu siku ya Jumamosi. Mama aliitikia, maana mgeni husindikizwa.

"Utarudi na mikungu mingapi?" aliuliza.

"Sitachukua ndizi."

Mama alikuwa akichambua ndagala kwenye ungo. Mikono yake ilisimama. "Mutu anapanda Bugarama, anarudi mikono mitupu?"

"Mara moja tu, Mama Aline. Miaka yote napanda naangalia matako ya kamyo. Nashuka naangalia lami, ile kipande iko mbele ya gurudumu, basi. Mi sijawahi kuona ile barabara. Nataka nishuke siku moja bila muzigo. Nione iko namna gani."

"Iko na mawe. Iko na kona. Iko na misalaba ya batu wamekufa. Unataka kuona nini ingine?"

"Sijui. Ndiyo nataka kuona."

"Uyu mutu amekutia wazimu," mama alisema, akimwonyesha Deklani kwa kidevu. Deklani alikuwa akikunja nguo zake na alitabasamu, akidhani anasifiwa. "Yeye amepoteza kwao kwote, hana kitu cha kuogopa tena. We uko na mutoto. We uko na mi. Asiye na nyumba hafundishi mwenye nyumba kutembea." Kisha akanigeukia. "Mwambie amukataze."

Nilimwambia Deklani vilevile, kwamba mama anaomba amkataze baba. Alimtazama mama kwa upole mkubwa. Akasema ni mlima tu, na kwamba hajawahi kuona mtu anayejua baiskeli kama Salvatori.

"Anasema ni mlima tu, Mama."

Mama aliinua ungo wake akaingia ndani.

Jumamosi walitoka asubuhi. Baba alikuwa amevaa shati lake la kanisani, na baiskeli yake, ambayo nilizoea kuiona na kamba na magunia ya kufungia, ilikuwa uchi kama punda aliyenyolewa. Nilikimbia nyuma yao hadi kwenye lami. Mama hakutoka kuaga. Walipokuwa wamekwisha kupita geti la jirani tulimsikia: "Salvatori! Kuko baridi kule juu!" Baba akageuza, akarudi, akapokea sweta kutoka mikononi mwake. Walisemezana kitu kwa sauti ya chini ambacho sikukisikia. Nimekihoji nacho, hicho kisichosikika, kuliko vyote nilivyosikia.

Yaliyotokea juu nayajua kwa Fideli, ambaye siku hiyo alikuwa kule akifunga ndizi zake. Anasema baba alikataa kudandia lori. Alipanda na Deklani kwa miguu yake mwenyewe, penye kukanyaga wakikanyaga, penye kusukuma wakisukuma, na walifika wameloa jasho kwenye baridi, wakila mahindi ya kuchoma. Walipeana mikono ya kuagana. Ndipo baba alipoiomba baiskeli ya Deklani. Ashuke nayo kona chache tu, kisha airudishe. Alieleza kwa vidole, akibonyeza hewa. Fideli alielewa na Deklani alielewa: baiskeli yake mwenyewe haikuwa na namna ya kusimama katikati ya mteremko bila sababu, na baba alitaka kusimama. Alitaka kusimama mahali fulani apendapo, ashushe mguu mmoja, aangalie. Deklani alifungua mifuko yake yote na kuiweka chini. Akampa.

"Alipita mbele yangu amekaa wima kama gavana," Fideli alinisimulia nilipokuwa mkubwa. "Kichwa iko upande, kwenye bonde. Sisi hatuangalii pembeni, Aline. Kwenye ile barabara hatuangalii. Nikamwita, Salvatori, mbele! Angalia mbele! Akanipungia mukono."

Kwenye kona iliyofuata, mbele ya macho ya Fideli, lori lilikuwa likipanda, limechukua barabara yote, na nyuma yake wamening'inia vijana wa ndizi. Palikuwa na nafasi ya kusimama. Fideli anaapa kwamba nafasi ilikuwapo. Vidole vya baba vilikuwa juu ya breki, mahali pake kabisa. Lakini Fideli aliuona mguu ukiinuka. Ulitoka wenyewe kama ulivyotoka kwenye kila kona ya kila siku ya miaka yote ile, ukaenda kutafuta gurudumu la mbele. Gurudumu la Deklani lilikuwa na madigadi ya plastiki, laini, imelowa umande wa ukungu. Soli ikateleza juu yake. Mguu ukaingia kwenye spoki.

"Ata mi," Fideli alisema. "Ungekuwa mguu wangu, ungetoka."

Kichwa chake kilikuwa kimejifunza vidole kwa siku chache. Mguu hakuna aliyeuambia.

Kwenye matanga kila mtu alikuja na maelezo yake. Mchungaji alisema ni saa ya Mungu. Wanawake wa maombi walisema mgeni alikuja na mikosi ya kwao, ya zile nyumba zisizo na paa, na nilijua ni nani aliyewapa habari za nyumba hizo. Baadaye chuoni nilimsimulia mwalimu mmoja, naye akanipa maneno marefu kuhusu umaskini na starehe za matajiri. Nusu yake ilikuwa kweli. Sikuchukua hata moja. Mungu mwenye saa hangoji madigadi. Na umaskini haukumpandisha baba mlima ule siku ile. Ndiyo siku pekee aliyoupanda bila kulazimishwa na umaskini.

Lakini mchana ule sisi nyumbani hatukujua lolote. Mama alikuwa nyuma ya nyumba akigeuza ndagala kwenye wavu. Jua lilikuwa bado juu. Gari dogo la mizigo lilisimama getini, akashuka Deklani peke yake. Wenzake baba walikuwa wamebaki kule na maiti, kwa sababu wao hawamwachi mtu wao barabarani mpaka apatikane wa kumshusha. Wangeweza kumtuma mwenye Kiswahili. Fideli anasema alijitolea kuja, na Deklani akamzuia kifuani kwa kiganja, akajipiga kifua mwenyewe. Ni yeye atakayesema.

Niliruka kwa furaha. Nilidhani ametukumbuka. "Mama, Deklani amerudi! Redio iko kazini!" Nilimshika mkono kumvuta nyuma ya nyumba, na mkono wake ulikuwa na kitu kikavu, cha rangi ya kutu, hadi kwenye kiwiko.

Alimtazama mama, akanitazama mimi. Akaniuliza kwa Kifaransa kama hakuna mtu mzima yeyote hapa karibu anayejua lugha hii. Nilimjibu hakuna, ni mimi tu. Nilijibu kwa majivuno.

Basi akapiga magoti kwenye mchanga, uso wake ukawa sawa na wangu, akaanza kusema sentensi fupifupi, kama zile za kitabu cha darasa la pili. Kila moja ilipotoka niliipokea na kuipitisha.

"Anasema walifika juu. Anasema Baba aliomba baiskeli yake. Anasema lori lilikuwa linakuja. Anasema Baba ameanguka. Anasema amepiga kichwa. Anasema wamejaribu kumwamsha." Nikangoja. "Anasema amekufa."

Hakuna neno nililolikosa. Hilo nalikumbuka na silipendi, lakini nimelichunguza pande zote na nina hakika nalo: nilikuwa nikisikia raha ya mtu anayefanya kazi yake vizuri. Kwa mara ya kwanza mama hakulalamika kwamba maneno ni machache. Maana ya nilichokisema ilikuwa bado njiani, haijanifikia.

Mama hakupiga kelele. Alikuwa na ndagala wachache kiganjani, na aliendelea kuwashika.

"Muulize alisema nini," aliniambia. "Muulize aliita nani."

Niliuliza. Deklani alifumba macho. Maneno aliyoyapata yalikuwa rahisi kama yale mengine.

"Anasema hakuita mtu," nilisema. "Anasema Baba alikuwa anacheka."

"Nini?"

"Alikuwa anashuka anacheka, anapiga vigelegele. Anasema walimusikia mpaka kule juu, mulima wote unaitikia. Anasema alikuwa na furaha. Kisha hawakumusikia tena."

"Apana," mama alisema. Akaanza kuwarudisha ndagala kwenye wavu, mmoja mmoja, akiwapanga vichwa upande mmoja. "We ni mutoto. Kifaransa chako ni cha shule. Umesikia vibaya. Uliza tena."

Nilimgeukia Deklani na kuuliza tena. Alifikiri kosa ni la Kifaransa chake, akarudia yaleyale polepole zaidi, na safari hii alifungua mdomo na kuonyesha kucheka, bila sauti, machozi yakimwingia kwenye ndevu.

"Ni ile ile, Mama. Alikuwa anacheka."

Jirani alikuwa amekwisha kufika getini, amejifunga kanga haraka, na nyuma yake wengine. Mama hakuwaangalia. Aliniangalia mimi.

"Uliza tena," alisema.

Nikauliza tena.